Mvule nyuma, fremu mbele: kibali cha kujenga nitapata?

*Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu, nafundisha Arusha, ila tumenunua kiwanja Rau, Manispaa ya Moshi. Kimepimwa na hati tunayo: mita 30 upande wa barabara, mita 40 kwenda ndani, na barabara iko upande wa chini. Kina mvule ambao watu wazima wawili tukiukumbatia mikono inakutana. Uko mita 9 kutoka mpaka wa nyuma na mita 8 kutoka mpaka wa kushoto. Kuna mringaringa kwenye kona ya kulia karibu na geti, na migrivelea sita mpakani. Nyuma kabisa, nje ya bikoni, unapita mfereji. Ramani ya nyumba tulishanunua, mita 15 kwa 12. Mume wangu anataka mbele tuache nafasi ya fremu za biashara, kwa hiyo fundi ameisogeza nyumba nyuma na jiko limeangukia penye mvule. Mwenyekiti wa mtaa anasema mvule ni mali ya serikali na kibali cha kujenga hatutapewa. Fundi anasema tuukate Jumapili ofisi zikiwa zimefungwa, au tuuchune gome ufe wenyewe. Mume wangu sasa anasema tuuze. Tufanyeje?*

Marahaba mwalimu. Wanaoniuliza habari za miti huniambia "kuna mti mkubwa" basi, nami nabaki nikikisia. Wewe umepima. Kwa vipimo hivyo naweza kukujibu bila kufika, ingawa kuna viwili nitakuomba ukavihakikishe.

Jibu ni kwamba, kwa upande wa mti, kibali utapata, na mvule utabaki. Kitakachokusumbua ni zile fremu.

Nianze na mwenyekiti, maana amesema jambo moja la kweli na jingine si kweli. La kweli ni kwamba mvule haukatwi kwa hiari ya mwenye kiwanja. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu aina fulani za miti kutangazwa kuwa miti iliyohifadhiwa, na mti wa aina hiyo unabaki umehifadhiwa hata ukiwa ndani ya ukuta wako, hata kama babu yako ndiye aliyeukuta. Mvule umo kwenye kundi hilo pamoja na wenzake wa mbao ngumu kama mninga, mpingo na mkangazi. Hati yako inakupa haki ya kuitumia ardhi. Ruhusa ya kuangusha mti wa namna hiyo inatolewa na watu wengine kwa karatasi nyingine. Mwenyekiti hayuko sahihi pale anaposema kiwanja chenye mvule hakijengwi. Hakuna sheria ya hivyo. Mamlaka ya mipango miji inaweza kukupa kibali chenye masharti, na sharti mojawapo likawa mti uachwe. Hilo ni sharti la kawaida kama lile la kuacha nafasi kati ya ukuta wako na wa jirani, na nyumba hujengwa.

Watu wengi huchanganya hapa, kwa hiyo nitalisema wazi. Kibali cha ujenzi hakikupi ruhusa ya kukata mti. Na ruhusa ya kukata mti haikupi kibali cha ujenzi. Hizo ni meza mbili. Nimeshawaona watu wenye kibali cha ujenzi chenye mhuri, ramani ikionyesha jiko mahali penye mti, wakaamini kwamba kwa kuwa ramani imepitishwa basi mti nao umepitishwa. Siku gari la mbao lilipokamatwa, ile ramani haikuwasaidia kitu. Mchoraji hakuuonyesha mti, mkaguzi akaona kiwanja cheupe kwenye karatasi, akapitisha.

Sasa fremu. Ukitazama vipimo vyako, mti uko mita 31 kutoka barabarani. Nyumba yenu ina kina cha mita 12. Fundi akianzia mita 20 ndani ili mbele zibaki fremu na maegesho, nyumba inaishia mita 32, lazima ikutane na mti. Lakini ukiianzia mita 6 kutoka barabarani, inaishia mita 18. Kati ya ukuta wa nyuma na shina zinabaki mita 13. Umeona, mwalimu? Hapo hakuna ugomvi na mti wowote. Mvule umesingiziwa tu.

Na hizo fremu zenyewe, kabla hamjazipigia hesabu ya kodi, kasomeni masharti yaliyo kwenye hati. Ikiwa matumizi yaliyoandikwa ni makazi peke yake, fremu za biashara zinataka kubadili matumizi ya ardhi kwanza, na huo ni mlolongo wake: maombi, tangazo, maoni ya majirani, kikao. Inawezekana kabisa mtaa wenu ukawa na barabara inayofaa biashara mkakubaliwa. Ila mnachotaka kufanya sasa ni kuhatarisha mti wa miaka mingi kwa ajili ya majengo ambayo bado hamna ruhusa ya kuyajenga. Mimi ningeziacha. Bwana asinikasirikie.

Turudi kwenye mita 13 zile, kwa nini nasema zinatosha. Mafundi wengi wanadhani mizizi ya mti mkubwa imekwenda chini kama nguzo. Si hivyo. Sehemu kubwa ya mizizi inayoulisha mti iko kwenye mita ya kwanza ya udongo, mingi zaidi kwenye sentimita 60 za juu, nayo inatambaa kwenda mbali kupita kivuli cha matawi. Kwa hiyo mtaro wa msingi wenye kina cha mita moja unaikata karibu yote ya upande huo. Wataalamu wa miti, Uingereza na kwingineko, wana kanuni ya kazi: unapima kipenyo cha shina kwenye kimo cha kifua, yaani karibu mita 1.5 kutoka chini, unazidisha mara 12, unapata umbali wa kuuheshimu kuzunguka mti. Kanuni hiyo haimo kwenye sheria za Tanzania na hakuna atakayekushtaki kwa kuivunja, lakini sijapata kipimo kizuri kuliko hicho, na maofisa misitu huielewa ukiwaonyesha.

Watu wazima wawili mikono ikikutana ni mzunguko wa karibu mita 3.2. Gawa kwa 3.14, kipenyo ni kama mita 1. Mara 12 ni mita 12. Duara lako la heshima linaanza mita 19 kutoka barabarani, na nyumba iliyosogezwa mbele inaishia 18. Ndiyo maana nakuomba upime tena kwa futikamba badala ya kukumbatia, kwa sababu ikiwa mzunguko ni mita 3.6, duara linakuwa karibu mita 14 na itabidi tusogee mbele zaidi au tupunguze veranda ya nyuma. Umbali wa kuacha toka barabarani nao uulize kwa Afisa Mipango Miji kabla ya kuchora. Mita 6 nimeitumia kwa mfano.

Mringaringa wa kwenye kona, ukiwa ni wa kukumbatiwa na mtu mmoja, unataka kama mita 6. Sogeza nyumba mita moja kushoto na utakuwa umemalizana nao. Usiuhesabu pamoja na migrivelea eti yote ni miti ya kivuli. Mringaringa ni mti wa asili wa huku kwetu, wazee waliuacha makusudi juu ya migomba na kahawa. Mgrivelea ulitoka Australia ukaletwa kwa ajili hiyohiyo ya kivuli cha kahawa na kuzuia upepo, na ni mti wa kupandwa na kuvunwa. Lakini usije ukaifyeka hiyo sita kwa sababu nimesema hivyo. Hapa mkoani Kilimanjaro ni desturi ya muda mrefu kwamba hata mti ulioupanda kwa mkono wako unauombea kibali kupitia serikali ya mtaa au kijiji. Halafu imesimama mpakani. Mti wa mpakani una wenyewe wawili, na kama kati yake kuna masale, ile mimea ambayo Wachaga huipanda kuonyesha mpaka, hayo usiyaguse kabisa. Bikoni ni ya mpimaji, masale ni ya wazee, na jirani wa Kichaga ataamini masale kwanza.

Kuna swali hukuniuliza ambalo kwangu ni zito kuliko la mvule: ule mfereji wa nyuma. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Mita 60 ni ndefu kuliko kiwanja chako chote. Kama kinachopita nyuma ni mto, au kijito kinachoingia mto Rau, basi kabla ya kuzungumzia jiko tunazungumzia kama nyumba itakuwepo. Kiwanja kuwa kimepimwa na kuwa na hati hakufuti kifungu hicho, na viwanja vya namna hiyo vipo vingi, Moshi na Arusha, kando ya mto Karanga, kando ya mito ya Themi na Naura.

Ila wewe umeandika "mfereji", na kwa Rau naelekea kuamini ni mfongo, ile mifereji ya kuchimbwa na wazee kuleta maji kutoka juu. Mfongo ni kazi ya mikono, si mto. Una wenyewe na zamu zake, na kosa lake ni kuuziba, kuuhamisha au kuutiririshia maji machafu. Usichukue neno langu wala la jirani. Nenda ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, makao yake yako hapohapo Moshi mjini, ukiwa na nakala ya ramani ya upimaji, uwaulize kwa barua huo ni nini na uache umbali gani. Jibu lao la maandishi liweke kwenye faili. Baadaye mtu akija na hadithi ya mita 60, unamtolea karatasi.

Kwa hiyo mpangilio wa safari yako ni huu. Kwanza mfereji, kwa sababu nilizokwisha kueleza. Pili miti, na hapa ndipo watu wanapokosea kwa kuianza safari kutoka mwisho, wananunua ramani, wanalipia kibali, wanaleta tofali, kisha ndio wanautazama mti. Mtafute mpimaji au msanifu akuchoree kiwanja kama kilivyo leo: bikoni, mteremko, kila mti na jina lake, mzunguko wa shina, na duara la matawi. Karatasi moja inatosha. Piga picha kila mti kutoka pande mbili, moja ikionyesha shina na mtu amesimama kando. Chukua hiyo karatasi na barua fupi upeleke kwa Mtendaji wa Mtaa, agonge mhuri, kisha uende nayo kwa Afisa Misitu wa Manispaa. Barua isiombe kukata mvule. Iseme una nia ya kujenga na kuuacha mvule, unaomba auone, athibitishe ni wa aina gani na hali yake, na aandike ushauri. Barua inayosema "naomba kuuacha" hupokelewa kwa uso mwingine kabisa, nimeliona hilo mara nyingi, maana mezani kwake barua za kuomba kukata zimejaa.

Tatu ndio ramani ya nyumba. Hiyo mliyonunua si lazima muitupe. Jiko na vyumba vinaweza kubaki vilevile. Kitakachobadilika ni ramani ya kiwanja inayoonyesha nyumba imekaa wapi, na pengine kuigeuza ili sebule itazame nyuma kwenye mti badala ya barabara. Hakikisha anayesaini ni msanifu aliyesajiliwa na bodi ya wasanifu na wakadiriaji majenzi, na kama kuna ghorofa au udongo wa mashaka, mhandisi aliyesajiliwa naye asaini zake. Kijana wa kompyuta pale stendi anaweza kukuchorea kitu kizuri sana, lakini hana mhuri.

Nne unaomba kibali. Siku hizi maombi yanapita kwenye mfumo wa Tausi wa TAMISEMI, unaambatisha hati, risiti ya kodi ya pango la ardhi isiyo na deni, ramani zako, na hapo weka pia barua ya Afisa Misitu na ya Bodi ya Maji hata kama hakuna aliyekuomba. Ada unalipia kwa namba ya malipo ya serikali. Mtu akikuambia umpe mkononi akusaidie kuharakisha, mshukuru uende zako. Wakaguzi watakuja kiwanjani. Uwepo wewe au bwana, msimwachie fundi aeleze. Wakiona duara limepigwa chokaa chini kuzunguka mvule na vigingi vya nyumba viko nje yake, mazungumzo huwa mafupi.

Msianze hata mtaro wa msingi kabla ya karatasi hiyo. Unaijua ile alama ya X nyekundu ukutani, ya nyumba inayotakiwa kubomolewa. Inaandikwa kwa dakika moja na kufutika kwake kunaweza kuchukua mwaka.

Inawezekana pia Afisa Misitu akaukuta mvule ni mbovu. Mvule mzee unaweza kuonekana mzima juu na chini ukawa uwazi. Dalili zake: uyoga unaota chini ya shina, ufa kwenye panda, udongo uliopasuka upande mmoja na mti kuegemea upande wa pili, au ukigonga shina kwa nyundo ya mbao linalia kama ngoma. Hapo maombi yanageuka kuwa ya kuuondoa kwa usalama, na hayo yanakwenda kwa ngazi: mtaa, kata, Afisa Misitu, na kamati ya wilaya ya uvunaji ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya, huku Wakala wa Huduma za Misitu wakiwa na mkono wao. Mti ukishaangushwa, mbao haziendi tu kwa seremala. Zinapimwa, zinalipiwa mrabaha, magogo yanagongwa alama kwa nyundo, na gari haliondoki bila hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Halafu uwaambie wapasuaji waangalie misumeno. Mvule huwa unaficha jiwe ndani ya shina, jiwe kweli la chokaa linalojitengeneza lenyewe kwenye jeraha la mti, na msumeno ukikutana nalo meno yanaisha hapohapo.

Fundi wako, sasa. Kukata Jumapili ni ushauri wa mtu ambaye jina lake halimo kwenye hati. Mvule ukianguka Rau, watasikia hadi Kiboriloni. Na hata ukikatwa kimya, mbao zitapita wapi? Kuchuna gome ndiko kubaya zaidi, na nataka mumeo alisome hili. Mti uliochunwa gome haufi kwa wiki. Unakufa polepole, matawi makavu yanaanza kudondoka moja moja, na wakati huo nyumba imeshapauliwa chini yake na watoto wanacheza. Kisha mti mkavu bado unahitaji kibali uleule kuuondoa, isipokuwa sasa kuna alama ya panga kuzunguka shina lote na mkaguzi ana macho. Mtakuwa mmeipata hatari yote na hamkupata nafasi hata futi moja.

Wengine huniambia, "Tutaukata huu tupande mvule wengine watano." Jaribu kupanda mvule uone. Kuna kijidudu kidogo kinachoshambulia miche yake, majani yanatoka vinundu kama chunusi kisha ncha inaoza, na ndiyo sababu mashamba ya mvule hayakufanikiwa kama ya mikaratusi na misonobari. Mvule pia una jinsia, kuna dume na jike, na mbegu zake husambazwa zaidi na popo. Ukiona msimu fulani popo wamejaa usiku na asubuhi uani kumechafuka, basi wako ni jike. Hilo nalo lifikirieni mnapoweka kamba ya kuanikia nguo. Siku ukipata nafasi nenda Msitu wa Hifadhi wa Rau, hapo jirani, kuna mvule mkubwa ambao wageni hupelekwa kuuona kwa kiingilio. Kuna na miti ya msoo huko, hiyo ni adimu hata zaidi.

Nirudi kiwanjani, maana kibali kikitoka ndipo mti unapouawa na watu wasiokusudia. Nina deni la kukiri hapa. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilichora nyumba Arusha, upande wa Moshono, kwenye kiwanja chenye mkuyu mkubwa. Nyumba niliiweka mbali na mti, nikajipongeza. Shimo la choo nikaliweka palipobaki, yaani upande wa mti, kwa sababu kwenye karatasi palikuwa peupe. Walichimba shimo la mita tatu katikati ya mizizi. Mkuyu haukuanguka, lakini miaka michache baadaye mizizi ilikuwa imevunja ukuta wa shimo na kulijaza kama kikapu, na mwenye nyumba alinipigia simu akiwa anatafuta pa kuchimba jingine. Niligharimia sehemu. Tangu siku hiyo shimo la maji taka nalichora kabla ya vyumba.

Lako liwe kona ya mbele kushoto. Barabara iko chini, kwa hiyo mteremko unakubeba, gari la kunyonya maji taka halitaingia ndani, na umbali hadi kwenye mvule unazidi mita 25. Bomba la maji safi nalo liingie mbele. Hakuna mtaro wowote, wa maji wala wa waya, utakaopita kwenye lile duara.

Kabla lori la kwanza halijafika, zungusha uzio wa mabanzi kwenye mstari wa duara, wa kimo cha kifua, usiokuwa na mlango. Uzio ni lazima, maelezo hayatoshi. Mafundi hutafuta kivuli; watarundika saruji pale, watachanganyia zege pale, watapikia ugali pale na kumwaga maji ya kuoshea karai pale. Maji ya saruji ni sumu kwa mizizi. Lori la mchanga likipita mara kumi linashindilia udongo mpaka hewa haiingii. Na kifusi cha msingi, kile kinachotupwa "nyuma kule", kikilundikwa nusu mita kuzunguka shina, mti unazibwa pumzi. Hauonyeshi mwaka wa kwanza. Unaanza kukauka kileleni mwaka wa tatu au wa nne, na wakati huo kila mtu anasema ni uzee.

Udongo nao autazame mhandisi. Sehemu nyingi za juu Moshi zina udongo mwekundu wa volkano, mtulivu kwa msingi. Ukishuka chini unakutana na mfinyanzi mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na mti mkubwa ukinyonya maji kando yake kupasuka kunaongezeka. Chimba mashimo mawili ya majaribio yenye kina cha mita moja na nusu, moja kila upande wa nyumba, umwite aone. Ikiwa ni mweusi, msingi wa nguzo zilizounganishwa kwa boriti la zege na nondo utakutumikia vizuri kuliko mawe ya kupanga, hasa ukuta wa upande wa mvule. Kwa mfinyanzi wa namna hiyo kukata mti mkubwa ghafla nako kuna adhabu yake, kwa sababu maji ambayo mti ulikuwa unayanywa yanabaki ardhini na udongo unainuka chini ya nyumba.

Matawi yanayoelekea upande wa nyumba yanaweza kupogolewa kidogo, kwa ruhusa ya Afisa Misitu huyohuyo na kwa mtu anayejua kukata kwa msumeno na si kwa panga. Yale yanayogusa nyaya, waite TANESCO. Bati la upande wa nyuma liwe na mfereji mpana wa paa, maana majani ya mvule hupukutika yote kiangazi na mvua ya kwanza ya masika itayakuta yameziba.

Kuhusu kuuza, hilo ni la kwenu wawili, ila msiuze kwa sababu ya mti. Atakayenunua atakuta hesabu hizihizi, na akiwa na akili atawapunguzia bei kwa woga wenu.

Na ile Jumapili aliyoitaka fundi usiifute. Mwambie aje bila shoka, aje na kamba ya mita 12, chokaa na vigingi vinne. Afunge kamba kwenye mvule, azunguke akimwaga chokaa, kisha mpange nyumba nje ya mstari huo mkiwa wote watatu mmesimama pale. Nitumie picha na mzunguko wa shina mlioupima, nami nitakurudishia mchoro wa kiwanja kabla hujapanda basi la kurudi Arusha.